Kocha wa gofu na fizio kwenye benchi moja: nimepima pande zote mbili, nikiwa huku Mufindi na nyonga yangu mbovu

Kamwene. Jumamosi moja mwezi wa saba, baridi ile ya Mufindi mnayoijua, tumekaa nje baada ya kuzunguka mashimo 9 mara mbili, ukungu ushaanza kushuka kwenye mashamba ya chai na kila mtu kashika kikombe kwa mikono miwili, jamaa yetu mmoja wa mbao kutoka Mafinga akatoa wazo. Tuchange hela, tulete kocha na tulete fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), wikiendi nzima, kila mtu apimwe mwili kwanza afu ndo aguswe swingi (ule mzunguko wa kupiga mpira), na hao wawili wawe wanaongea wenyewe kwa wenyewe, sio kila mmoja anakuja na lake.

Meza ikagawanyika hapo hapo. Mzee mmoja mstaafu wa mambo ya misitu, swingi yake fupi kama anaua nyoka lakini mpira unakaa katikati kila wiki, akasema wanangu hela zinawawasha, mi nimeshika jembe tangu nina miaka 7 nikaja nikashika fimbo ukubwani, na hakuna aliyewahi kunipima nyonga. Dada mmoja anayetokea Makambako akamjibu, "Mzee wangu shikamoo nilikupa asubuhi, ila hapa nakukatalia. Mi bega langu lilikufa miezi sita kwa sababu kocha ananiambia nyoosha mkono na mkono haunyooki." Mi nikakaa kimya maana yote mawili yameshanikuta, nikaona bora niandike nikiwa nimetulia.

Kwa ambao hawajui tunabishania nini. Zamani kocha alikuwa anaangalia mpira unaenda wapi na fimbo inapita wapi, basi, ukishindwa kufanya anachosema unaambiwa husikilizi. Mwaka 2003 kule California watu wawili, Dave Phillips ambaye ni kocha na Greg Rose ambaye ni tabibu wa mgongo na viungo, wakaanzisha Titleist Performance Institute, wengi wanaiita TPI tu, na wazo lao ni kwamba hakuna swingi moja ya watu wote, kila mtu ana swingi inayoendana na kile mwili wake unachoweza. Kwa hiyo kabla ya kufundishwa unapitishwa kwenye vipimo kama 16 hivi ambavyo havitaki mashine yoyote, chuchumaa mikono iko juu, gusa vidole vya miguu, simama mguu mmoja umefumba macho, kaa uzungushe kifua, geuza shingo, vitu vya namna hiyo. Wanachotafuta ni hiki, kosa lako linatoka kwenye kutojua au linatoka kwenye kutoweza? Maana ni vitu viwili tofauti kabisa, na asiyejua ukimtibu hatajua, na asiyeweza ukimfundisha utamuumiza.

Mi nilikuwa asiyeweza, ila ilinichukua karibu mwaka kujua.

Kocha wangu wa kwanza nilimpata Dar nikiwa kikazi. Mtu mzuri, jicho kali, na wimbo wake ulikuwa mmoja, "fungua kiuno bosi, fungua kiuno". Mi napiga kulia, kwa hiyo wakati fimbo inashuka uzito unatakiwa uhamie mguu wa kushoto na kiuno kizunguke juu ya ule mguu. Mimi nikizunguka kinagoma katikati, afu kinatoka mbele kuelekea mpira, nasimama kabla ya wakati na mpira unaenda zake kulia kwenye miti. Nikalazimisha. Nikarudi Mafinga nikaendelea kulazimisha peke yangu, mipira mia kwa siku, miezi mitatu mbele siwezi kuinama kufunga kamba za viatu, mke wangu ndo ananifunga, anacheka afu hapo hapo ananuna.

Nikaenda Mbeya kwa fizio, kijana tu, kasoma KCMC Moshi, gofu hajawahi kucheza wala kushika fimbo. Akanilaza kifudifudi, akanikunja goti la kulia, akawa anausogeza unyayo kwenda nje polepole (ukienda nje hivyo ujue nyonga yenyewe inazunguka kwa ndani, mi mwenyewe ilinichanganya). Wa kulia ukaenda vizuri tu. Wa kushoto ukaenda kidogo ukagota, kama mlango uliowekewa gunia nyuma. Akaniuliza, "Kaka, hapa uliwahi kuumia?" Nikakumbuka bodaboda ya 2011 pale Uyole, niliangukia upande ule, nikatembelea mkongojo wiki tatu nikasahau maisha yakaendelea. Akaniambia nyonga nzima inaingia ndani digrii kama 35 mpaka 45, hii yako haifiki 15. Nikamwonyesha video ya swingi yangu kwenye simu, akaiangalia mara tatu kimya, akasema gofu mi siijui, ila hapa unalazimisha kuzungusha kitu kisichozunguka na bili anapelekewa mgongo wa chini.

Na hapo ndo upande wa wanaotaka kuchanganya unapata nguvu, kwa sababu sio maneno, ni jinsi tulivyoumbwa. Pingili tano za mgongo wa chini zote kwa pamoja zinazunguka digrii kama 10 hadi 15 tu, kazi yake ni kuinama na kunyooka. Kuzunguka ni kazi ya nyonga na ya mgongo wa juu ule wenye mbavu. Sasa nyonga ikigoma, na mgongo wa juu nao ukawa umekakamaa kwa kukaa kwenye usukani Mafinga Iringa Mafinga Makambako kila siku, anayebaki kubeba ni huyu wa katikati. Na fimbo kushuka mpaka kwenye mpira ni kama robo sekunde. Kuna watu walipima mgandamizo kwenye mgongo wa chini wakati wa swingi, mwaka 1990 hiyo, wakakuta unafika karibu mara 8 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 80 ni kilo 640, yani magunia 6 na zaidi ya viazi ya kilo mia mia, na lumbesa sijataja. Rudia hiyo mara mia kwa jioni moja. Ndo maana mgongo wa chini uko juu kabisa kwenye orodha ya majeraha ya gofu, kwa wanaolipwa na kwa sisi wa Jumamosi. Tiger Woods upasuaji wa kwanza wa mgongo ulikuwa 2014, mpaka 2017 wakaziunganisha pingili zisicheze, huo ulikuwa wa nne, ndo 2019 akashinda mashindano makubwa ya Masters. Watu wanapenda sana kusimulia ile 2019, ile miaka mitano ya katikati wanairuka.

Ngoja niwaambie ilivyoisha ya kwangu maana ndo sababu naandika. Yule kijana wa Mbeya alikuwa na safari ya Iringa, nikamwomba ashukie Mafinga nimlete uwanjani. Huku nilikuwa nafundishwa na kedi wa zamani (makedi ni wale wanaowabebea wachezaji mabegi) ambaye sa hivi ni kocha wetu, mtu wa maneno machache. Fizio akanikalisha kwenye benchi la mbao pale nje, magoti yamebana, fimbo kifuani nimeikumbatia, akasema zunguka kulia. Kulia poa. Kushoto poa. Kwa hiyo kifua kinazunguka, tatizo sio huko. Akanilaza kwenye nyasi akamwonyesha kocha ile nyonga inavyogota. Kocha akainama, akaushika ule mguu mwenyewe, akaupeleka, ukagota, akausikia kwa mkono wake. Hakusema kitu. Akaniambia simama, weka mpira, chukua fimbo ya aioni 7. Nikasimama kama kawaida vidole vya miguu vinaangalia mbele, akaja akasukuma kiatu changu cha kushoto kwa kiatu chake mpaka vidole vikaelekea upande wa shimo, kama robo ya kona hivi. "Usiondoe hapo. Piga." Nikapiga. Kiuno kikapita. Sio kwamba kilizunguka zaidi, ila mguu ulishazungushwa kabla, nyonga haikuhitaji kufika kule inakogomea. Afu akaniambia wakati wa kupandisha fimbo kisigino cha kushoto kikitaka kunyanyuka kiache kinyanyuke, babu zetu wote walipiga hivyo. Fizio akaongeza mazoezi mawili ya asubuhi. Mawili tu. Yote hayo dakika 20, na ile chai ya klabu ilikuwa bado ya moto.

Sasa muone. Fizio peke yake angenipa mazoezi, ningefanya miezi, na kama ni mfupa umeota vibaya ile nyonga isingesogea hata digrii mbili. Kocha peke yake angeendelea na kiuno, kiuno, kiuno. Jibu lilikuwa kwenye kiatu, na hakuna aliyekuwa nalo peke yake.

Kuna na jambo lingine la upande huu ambalo kocha hawezi kulijua hata awe na vyeti ukuta mzima. Huku kwetu mgongo kuuma sio lazima iwe swingi. Kifua kikuu kinakaa kwenye uti wa mgongo. Brusela, ule ugonjwa wa maziwa yasiyochemshwa na wa kumhudumia ng'ombe aliyetupa mimba, nao unapenda mgongo na nyonga. Mtu anakonda, anatoka jasho usiku, mgongo unauma hata kalala, au miguu inakufa ganzi, au mkojo ghafla haumtii, huyo sio wa kunyooshwa kwenye nyasi, ni wa hospitali leo leo. Fizio aliyesoma anauliza hayo maswali kabla hajakugusa. Kocha anauliza unacheza na handikepu ngapi, ile namba ya kiwango chako, ikishuka ndo umepanda.

Haya, sasa nije kwa mzee wa misitu, maana ana hoja kuliko anavyojua mwenyewe.

Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Calvin Peete. Utotoni alianguka mtini akavunjika kiwiko cha kushoto, kikaunga vibaya, mkono haukunyooka tena maisha yake yote. Gofu alianza na miaka 23, mtu ambaye alikuwa anawauzia bidhaa vibarua wa mashambani. Na kila kitabu cha gofu kinakwambia mkono wa kushoto unyooke. Huyo Peete ndo aliongoza PGA Tour, mashindano ya wanaolipwa kule Marekani, kwa kunyoosha draivu (ule mkwaju mrefu wa kwanza) kwenye fawei, njia ile ya nyasi fupi, miaka 10 mfululizo, 1981 mpaka 1990, na akashinda mashindano 12. Umlete leo kwenye vipimo, kiwiko anafeli mlangoni. Najua watu wa TPI watasema ndo hicho hicho tunachosema, swingi iendane na mwili, na kweli ni hicho, ila hakuna aliyempima akamwandikia, alipiga mipira mpaka mwili wenyewe ukatafuta njia. Jim Furyk naye, ile swingi yake inapanda huku inashukia kule kama mtu anafukuza nyuki, US Open ya 2003 kachukua na mwaka 2016 akapiga mikwaju 58 tu kwenye raundi moja ya PGA Tour. Angekutana na kocha mwenye bidii akiwa mdogo tungemkosa.

Na kuhusu vipimo vyenyewe kutabiri nani ataumia, hapo ndo wanaouza hizi paketi, vipimo na mazoezi kwa pamoja, wanaongea kuliko wanachokijua. Daktari wa michezo wa Norwei anaitwa Roald Bahr aliandika 2016 akaeleza kwa nini vipimo vya aina hii haviwezi kukwambia mchezaji gani ataumia, na sababu yake ni rahisi ukiisikia, ukiwapanga wanaokuja kuumia na wasiokuja kuumia matokeo yao yanaingiliana sana, wenye viungo vigumu wengi wanacheza mpaka uzee na wenye viungo laini wanaumia. Ni sawa na kusema wenye miguu mirefu watateleza mlima Kitonga. Wengine watateleza, wengine hawatateleza, na wenye miguu mifupi pia.

Picha za mgongo ndo usiseme. Kuna uchambuzi wa 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa, wakakuta diski (zile pedi za katikati ya pingili) zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa wenye miaka 80 ni asilimia 96. Watu hawaumwi! Sasa wewe una miaka 48, unapimwa, unaambiwa diski zako zimechakaa na kiuno chako kimepinda, unarudi uwanjani unapiga kama mtu anabeba mayai, swingi imekufa na mgongo ambao ulikuwa hauumi unaanza kuuma kwa woga. Nimeona hiyo kwa macho yangu.

Rafiki yangu mmoja, yuko Mbeya mjini, alikuwa na slaisi, mpira unaanza vizuri afu unakata kulia kama daladala inaingia kituoni. Akapimwa mahali, sitaki kutaja, vipimo vyote, akatoka na karatasi ya mazoezi 12, mpira wa kuvuta, mpira wa kukalia, kamba, kila siku dakika 50. Miezi minne. Akawa na tumbo zuri kwa kweli, mkewe alifurahi. Slaisi iko pale pale. Akaja Mufindi wikiendi moja, yule kedi wetu wa zamani akamwangalia mipira mitatu, akasogea akamshika mkono wa kushoto kwenye fimbo akauzungusha kulia kidogo, akamuuliza unaona vifundo vingapi vya vidole? Viwili. Kabla ulikuwa unaona? Hakuna. Basi piga. Kufika mpira wa kumi unaenda moja kwa moja, na mmoja ukakata kushoto, akaruka kama kafunga goli. Uso wa fimbo ulikuwa unafika umefunguka kwa sababu ya mshiko, na mpira kwa sehemu kubwa unafuata uso wa fimbo, haujui kama nyonga yako ina digrii 15 au 50.

Nikajiuliza kwa nini wale waliompima hawakuliona, na sidhani kama ni wajinga. Ni kwamba ukienda kwa mganga hutaambiwa huna kitu. Anayepima viungo atapata kiungo, na kwa mtu wa miaka 45 anayeendesha gari siku nzima kiungo kigumu hakikosekani, kwa hiyo kila slaisi inapata nyonga ya kusingizia. Na biashara iko hapo hapo, mtu mmoja anakupima, anakukuta na tatizo, anakuuzia mazoezi, anakupima tena anakwambia umeongezeka. Kipimo kimeongezeka, ndio. Mikwaju je?

Kwenye hili la kuongezeka niwachekeshe. Jamaa mmoja kutoka Dar alikuja huku baada ya miezi ya mazoezi ya fizio, draiva ya kwanza ikapita alikozoea kwa mita kumi na kitu, akaanza kutuhubiria habari za nyonga mpaka shimo la nne. Kaka, hapa uko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi hata ukipigwa na bibi yangu. Rudi Dar ndo utuambie.

Kwa hiyo mi nasimama wapi. Sio katikati. Nakubali kocha na fizio waongee, nakataa paketi. Na nakataa kabisa mtu mmoja kuvaa kofia zote mbili, kocha aliyesoma kozi ya siku mbili akaanza kukwambia una diski, au fizio asiyejua gofu akaanza kukupangia swingi kwa sababu kaona video. Wale wawili wangu walifanya vizuri kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua mwisho wake. Kijana alisema mbele ya watu gofu siijui. Mzee wa kedi aliushika mguu, akasikia, na hakujifanya daktari.

Mtu anayeumwa aanzie kwa fizio na kocha asubiri, hata kama ada kashalipwa. Mtu ambaye haumwi na ana mwaka mmoja kwenye gofu, huyo apelekwe kwa kocha, afundishwe mshiko, mkao na wapi mpira ukae, hana haja ya vipimo 16, maana kwa anayeanza karibu kila kosa ni kutojua. Anayebaki ni yule kama mimi, ambaye ameambiwa jambo lile lile na watu wawili watatu, amelielewa, anaweza hata kukuelezea vizuri kuliko kocha, na mwili unakataa kila siku mahali pale pale. Huyo ndo wa benchi la watu wawili. Kwenye klabu ya watu 20 wanaokuja mara kwa mara nadhani tuko wanne au watano. Kuwapima wote 20 ni kuwapa wale 15 magonjwa ambayo hawana.

Na wikiendi moja haitoshi kitu. Nyonga haibadiliki kwa wikiendi, mtu anapewa zoezi inabidi aangaliwe tena baada ya wiki sita hivi, na fizio atakuwa kasharudi Mbeya, kilomita zaidi ya 200 kutoka Mafinga, na mimi najijua bila mtu wa kuniangalia zoezi linakufa siku ya tisa. Hela hiyo hiyo nimependekeza tuifanyie kitu kingine, huyu kocha wetu tumpeleke akae na yule kijana siku mbili ajifunze vipimo vinne tu, ile ya nyonga, ile ya kifua ya kwenye benchi, bega, na kusimama mguu mmoja, afu ajifunze na yale maswali ya hatari ya jasho la usiku na ganzi, ili ajue lini aseme "bosi, mi nimeishia hapa, nenda hospitali". Baada ya hapo wawe wanapigiana simu. Video ya swingi inatumika vizuri tu kwa WhatsApp, kocha akiona polepole inamtosha, ila kwa fizio video ni nusu, kugota kwa kiungo hakuonekani, kunashikwa kwa mkono.

Ah na siri jamani. Klabu ndogo. Ukipimwa saa 3, saa 5 mpishi wa jikoni anakupa pole ya mgongo. Kama tutafanya hili, lile benchi litoke pale nje kwenye meza za chai liende chumbani, na karatasi ya majibu ibaki na mwenye mwili wake, kocha aambiwe tu kile anachohitaji kufundishia. Mi nilipimwa mbele ya watu wote na nilicheka nao, ila dada yetu wa Makambako asingependa, na hatakiwi kueleza kwa nini.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa pale mezani, na wenyewe walikuwa wamesimama mita tano kutoka kwetu, ni makedi. Kijana wa miaka 19, begi la kilo 12 au 15 bega moja, wakati mwingine mabegi mawili, milima ya huku kupanda na kushuka raundi mbili, mama yake mchuma chai naye kikapu mgongoni tangu asubuhi. Hao ndo wenye migongo ya kupimwa, na ukimuuliza anakwambia niko poa bosi, kwa sababu akisema anaumwa wiki ijayo begi anapewa mwingine. Nikasema fizio akija na tuna hela ya watu kumi, wanne wawe wao, na mabegi yote yawekwe mikanda miwili ya mabegani. Mikanda ndo ilikubaliwa haraka. Ya wanne bado tunavutana, mzee wa misitu kashangaza watu, yuko upande wangu.

Mimi nyonga ya kushoto nilipimwa tena mwezi uliopita, kijana kasema imefika 18, akaniangalia usoni kama anataka nifurahi. Kamba za viatu nafunga mwenyewe, kuanzia mwezi wa tisa. Handikepu haijashuka hata moja.